Watu Wanaoimba Badala ya Kusema

3 Aprili. Mvua tangu alfajiri.

Daftari hili nimelifungua mimi, Sajini Asadu, mstaafu wa magereza, nambari ya kazi 4417, mkazi wa Namakwekwe hapa Mbale. Shule niliacha darasa la tatu. Kuandika nilifundishwa na kitabu cha zamu kambini Jinja, ambamo askari anayeingia huandika aliyoyakuta na anayetoka huandika aliyoyaacha. Kama hakuna kitu, unaandika: Hali shwari, hakuna tukio. Miaka ishirini na sita niliandika hivyo na maofisa walinisahihisha mara mbili tu. Mara moja kati ya hizo wao ndio walikosea.

Ila kazi yangu hasa haikuwa kalamu. Nilikuwa mpiga buruji, lile tarumbeta fupi la kambini lisilo na vitufe, linalotaka mapafu, midomo na akili. Nikipiga asubuhi, wafungwa mia nne waliamka, askari waliamka, na ng'ambo ya Nile waliamka hata watu wasiohusika. Hajatokea mwingine wa kupiga vile. Hayo si majivuno, muulize yeyote aliye hai.

Leo kuna tukio. Mjukuu wangu Ramlah, niliyemlea tangu ana miaka minne, yuko mwaka wa mwisho chuo cha walimu kule Nkoma. Mwisho wa Mei wanaandikisha askari magereza wapya. Ofisa Douglas, ambaye nilimfundisha kufunga mkanda alipokuja kambini akiwa mwembamba kama ufito, ameniambia nimletee fomu ya binti. Fomu ninayo, iko chini ya godoro. Leo Ramlah amesema hataki magwanda. Anataka kwenda Jinja kwenye kundi la michezo ya jukwaani ya nyimbo.

Si kuimba harusini, jambo ambalo naweza kulivumilia nikiwa mbali. Ni ile michezo ambayo mtu anaulizwa umekula, naye badala ya kujibu ndiyo au hapana anainua mkono na kuanza wimbo, na watu kumi wanatoka nyuma ya pazia kumsaidia kujibu.

Nilitema mate mlangoni. Mvua iliyachukua.

4 Aprili. Mvua. Hali shwari, hakuna tukio.

6 Aprili. Mawingu.

Ramlah amenionyesha mchezo kwenye simu yake. Wazungu, jukwaa kubwa. Mwanamume amefukuzwa kazi. Badala ya kwenda kutafuta nyingine, anapanda mezani kuimba. Wanaofua nguo wanaacha kufua wanaimba. Polisi anayekuja kumkamata naye anaimba, na ana sauti nzuri kuliko mhalifu.

"Huyo polisi angekuwa chini yangu," nikamwambia, "angelala mahabusu yeye."

"Babu, tazama miguu yao. Watu arobaini wanageuka pamoja."

"Nani aliwafundisha? Hawa wamekutana sasa hivi barabarani, umeona mwenyewe. Walifanya mazoezi saa ngapi?"

"Na nyinyi kwenye kwata, askari arobaini mkigeuka pamoja, nani aliwafundisha?"

"Mimi ndiye niliyewafundisha. Na hakuna aliyekuwa akitabasamu."

Alicheka mpaka akaweka simu chini. Sikuona cha kuchekesha. Nilichokiona ni vinywa. Simu inavileta karibu, unaona ulimi, unaona kimeo kinatikisika kooni kama bata anayemeza jongoo. Nilikosa hamu ya chai.

9 Aprili. Mvua kubwa mchana.

Mwenye nyumba wetu, Nambozo, ana televisheni. Mvua ilinibana kibarazani kwake nikalazimika kuona filamu ya Kihindi, sinema ya machozi. Mama wa kijana amekufa. Kijana anaimba. Upepo unampeperusha nywele ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha. Msichana wake amebadilisha nguo mara tano katika wimbo mmoja, na sanduku halikuonekana popote.

Nikasema kwa sauti ili wanaohitaji kusikia wasikie: "Kule kwenye vibanda vya video, mtafsiri ana akili. Nyimbo zote anaziruka. Filamu inabaki na ngumi na mashtaka, unamaliza mapema unarudi kwako."

"Afande," Nambozo akasema bila kugeuza kichwa, "hizo ni filamu za watu wasio na moyo."

"Mtu mwenye shida haimbi, mama. Hilo ni jambo la maumbile. Mimi nimekaa na watu wenye shida miaka ishirini na sita."

Hapo akageuka. Nambozo ni Mgisu wa Bududa, na mwaka huu ni wa tohara. "Mtoto wetu akienda kukatwa, anafanya nini siku zote zile kabla ya kisu? Anazunguka kwa wajomba na mashangazi anaimba. Anacheza mpaka miguu inavimba. Ile si shida? Wewe ungeweza kusimama mbele ya kile kisu ukiwa kimya?"

"Wagisu ni Wagisu," nikajibu, nikaondoka na mvua yao.

10 Aprili. Nguo hazijakauka tangu jana. Hakuna tukio.

13 Aprili. Mvua. Mfereji wa nyuma umefurika, takataka za Namakwekwe yote zimepita mlangoni kwangu zikiwa zimejipanga. Kulikuwa na mdoli asiye na kichwa.

15 Aprili. Mvua asubuhi, jua mchana.

Nimeweka dau na Ramlah. Naliandika kama lilivyo ili lisije likageuzwa.

Tarehe 25 Mei wanafunzi wa chuo watacheza mchezo wao Jinja, alasiri. Watu wa lile kundi watakuwepo kutazama na watachukua wawili. Lakini hawachukui msichana bila barua ya mlezi, maana wanasafiri na kulala njiani. Mlezi ni mimi. Nilikuwa nimekataa na nilikuwa nimemaliza.

Ramlah akaja na chai, akakaa chini. Akikaa chini najua kuna vita.

"Babu, wewe unasema nyimbo hazina maana."

"Sisemi, ndivyo zilivyo."

"Basi njoo Jinja uketi. Ukiondoka kitini wimbo ukiwa unaendelea, hata wimbo mmoja, nitajaza fomu ya Afande Douglas, nitavaa magwanda na sitakukumbusha tena. Ukikaa mpaka mwisho, utaniandikia barua kwa mkono wako."

Nikamwangalia. Ama hanijui, ama amechoka. Mimi sijawahi kukaa kwenye wimbo. Zamani pale Jinja, Jumapili, marehemu bibi yake, Khadija, alinivuta kwenye sinema za Wahindi. Wimbo ukianza natoka nje kuvuta sigara, ukiisha narudi. Filamu ya saa tatu nimeiona kwa saa moja na nusu na sikukosa kitu. Khadija alibaki ndani na karanga zake akilia.

Nikampa mkono. Mkono wake ulikuwa baridi.

18 Aprili. Mvua.

Ramlah amekuja na rafiki yake, Peace, msichana anayepiga tarumbeta kanisani kwao. Katika mchezo wao kuna buruji inayolia nyuma ya pazia, na Ramlah anataka nimfundishe mlio wa asubuhi.

Nilimwangalia huyo Peace. Midomo imepakwa rangi ya damu ya mzee. Alitoa tarumbeta lake begini, na mdomo wa tarumbeta nao ulikuwa mwekundu. Akaligeuza, akalikung'uta, mate yakatoka marefu yakaanguka sakafuni kwangu karibu na msala.

"Samahani, mzee," akasema, akayafuta kwa soksi yake akiwa ameivaa.

"Mlio wa kambi ni amri ya serikali," nikasema. "Haupigiwi wahuni."

"Babu, utampigia mara moja tu asikie," Ramlah akasema. "Buruji yako iko pale ukutani."

"Ipo ukutani na itabaki ukutani. Ningeipiga leo, Mbale nzima ingetoka nje."

Walikwenda. Ramlah hakuaga. Nilipiga deki mara mbili, na ile harufu ya rangi ya midomo ilibaki.

19 Aprili. Mvua nyembamba.

Ramlah akiwa chuoni nilifunga mlango, nikaishusha buruji ukutani. Nilijaribu.

Meno ya mbele ya juu sina, matatu, tangu mwaka juzi. Sikuliandika hilo popote kwa kuwa si tukio. Upepo ulitokea penye pengo. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mbuzi anayeulizwa jambo asilolijua. Nilijaribu mara ya pili, mate yakanimwagikia kidevuni mpaka kifuani, yangu mwenyewe, yakanitia kinyaa kuliko ya yule binti.

Nambozo akabisha. "Afande, uko salama? Nimesikia mnyama."

Nikamwambia ni redio.

Nimeipaka mafuta, nimeirudisha ukutani. Hali shwari, hakuna tukio.

22 Aprili. Mvua. Hakuna tukio.

23 Aprili. Mvua. Hakuna tukio. Ramlah anafanya mazoezi ya wimbo akichekecha unga. Unga una makapi.

27 Aprili. Jua.

Nimeongea na Odongo kwa simu. Koplo Odongo nilihudumu naye Jinja, naye alibaki hukohuko. Anajua mambo mengi kwa mtu wa cheo chake. Nikamweleza dau.

"Sajini, utashindwa," akasema.

"Na nani? Na watoto wanaopaka unga usoni?"

"Na kiti. Siku hizi ukikaa huwezi kuinuka. Mimi nikiketi, wajukuu wanakuja wawili kunivuta."

Amesema atawaalika wazee wote wa magereza na polisi walioko Jinja, maana amesikia mchezo ni wa kambini. Nikauliza amesikia kwa nani. Kwa Ramlah. Kumbe wanapigiana simu. Nilikata bila kwaheri.

3 Mei. Mvua kubwa, radi.

Umeme umekatika adhuhuri, hakuna pa kwenda. Nikamuuliza Ramlah mchezo wenyewe unahusu nini. Ningekuwa na busara nisingeuliza.

"Unamhusu bibi," akasema.

"Bibi gani?"

"Bibi Khadija. Mwaka wa vita, sabini na tisa. Alinisimulia kabla hajafa."

Mwaka ule majeshi yalipokuwa yanakimbia, sisi askari tulifungiwa ndani ya gereza siku kumi na moja pamoja na wafungwa, geti halifunguliwi. Familia zilikuwa chini, nje ya uzio, hazijui nani yu hai. Hayo nayajua, nilikuwepo. Ambayo sikuyajua ni haya. Ramlah anasema kila siku kabla ya mapambazuko Khadija alikuwa ameketi mkekani na mtoto mgongoni, jiko mbele yake, halijawashwa, anangoja. Saa kumi na mbili buruji ikilia juu gerezani, anajua nimeamka. Hapo ndipo anawasha jiko.

"Alisema alikuwa hapumui mpaka ulie ule mlio," Ramlah akasema. "Siku kumi na moja, Babu."

"Uongo. Bibi yako alikuwa na usingizi wa gogo. Nilipotoka nilimkuta anapika, hata hakunitazama sawasawa."

"Alikuwa amekwisha kukusikia."

"Nilipiga kwa sababu ratiba ilisema saa kumi na mbili. Sikuwa nampigia mtu."

Kisha akasema, "Ndiyo maana nataka kuimba hapo. Sijui mtu atalisemaje jambo hilo. Nimejaribu kuliandika kama mazungumzo, linakuwa taarifa ya habari."

Nikamwambia mambo ya nyumbani hayatolewi nje na kupakwa unga. Nimekasirika tangu adhuhuri. Mtu akifa na siri yake, amwachie mumewe, si mjukuu.

4 Mei. Mvua. Sikula.

9 Mei. Hakuna tukio.

16 Mei. Mvua mchana.

Chumba kimejaa takataka za mchezo. Wigi la katani lililobandikwa kwa gundi ya viatu, linanuka kama ngozi ya maiti ya ng'ombe. Ndevu kwenye mfuko wa sukari. Nilikuta kitu cheusi ndani ya kikombe changu, nikadhani ni panya, kumbe ni nyusi.

Wameshona koti la askari, vifungo vimekaa upande wa kike. Niliwaambia. Ramlah akavikata vyote, akavishona upya upande wa kiume, sindano mdomoni. Sikuwa nasaidia. Nilikuwa nasahihisha.

Nikamuuliza Ramlah yule Peace amejifunza wapi mlio. Akasema nisiwe na shaka, Peace anaujua mlio wa kambi tangu utotoni.

Nikasema vizuri. Fomu ya Douglas bado iko chini ya godoro. Nimeipangusa unyevu.

24 Mei. Mvua imepungua. Kesho safari. Nimepiga pasi suruali mwenyewe, hakuna anayejua mstari siku hizi.

26 Mei. Jinja, nyumbani kwa Odongo. Jua.

Naandika ya jana. Ni marefu, mkono unauma.

Ukumbi ni wa zamani, wa Wahindi, barabara ya maduka yenye majina ya baba zao yaliyochongwa juu. Popo wanaishi darini. Harufu ya mavi ya popo ilinipokea mlangoni ikanisindikiza mpaka kitini. Viti vya mbao, changu kikiwa na chingamu chini yake, niligusa kwa vidole. Odongo alikuwa ameniwekea nafasi mstari wa pili. Mistari miwili yote ya mbele ni sisi wazee, magereza na polisi, kofia na fimbo. Nyuma wanafunzi wanakula vitu vyenye makaratasi.

"Umevaa tai," Odongo akaniambia.

"Kwa ajili ya Douglas. Kesho nampelekea fomu."

Mpango wangu ulikuwa kamili. Ningeweza kutoka wimbo wa kwanza, lakini nilitaka kutoka wimbo wa Ramlah mwenyewe, wa tatu, aone kwa macho yake. Mtu akikatwa, akatwe mara moja.

Wimbo wa kwanza, wake za askari wanateka maji. Wanatembea na madumu matupu, yanaonekana ni matupu, yanaruka. Wimbo wa pili, kijana mwenye ndevu za mfuko wa sukari anajifanya mkuu wa gereza, anaimba amri. Jasho liliyeyusha gundi, ndevu zikamhamia shingoni. Wanafunzi wakashangilia. Nilijipinda kwa aibu ya watu wengine.

"Bado umekaa," Odongo akanong'ona.

"Subiri."

Kisha taa zikapunguzwa. Ramlah akatoka peke yake na mkeka. Amefunga kitenge kama Khadija alivyofunga, fundo kushoto, na najua hakuna aliyemwambia. Mtoto wa matambara mgongoni. Jiko mbele yake. Akaanza kuimba polepole, hata si kuimba, ni kama mtu anayejihesabia pumzi. Kwamba usiku umechelewa kuisha. Kwamba makaa yapo, kiberiti kipo, mkono ndio haupo.

Nikashika fimbo. Nikakaza goti. Matako yalikuwa yameshanyanyuka kitini.

Ndipo tarumbeta likalia nyuma ya pazia.

Yule binti anajua kupiga. Naliandika ingawa sitaki. Sauti ilitoka nyoofu, safi, haikutetemeka. Lakini haukuwa mlio wa asubuhi. Ulikuwa mlio wa kuzikia. Ule unaopigwa kaburini mwenzetu akishushwa, usiopigwa saa nyingine yoyote chini ya jua.

Mistari miwili ya wazee ilisimama kama mtu mmoja. Fimbo zikaanguka. Kofia zikavuliwa. Mikono pembeni, vidole vimenyooka, magoti yanalia. Odongo, asiyeinuka bila wajukuu wawili, alikuwa wima.

Na pale jukwaani Ramlah akatabasamu. Ndivyo walivyojizoeza. Amesikia mlio, mume yu hai, akachukua kiberiti kwa furaha. Mke anatabasamu, mume anazikwa. Nyuma wanafunzi wanapiga makofi, mbele wazee wamevua kofia.

"Wamemuua mumewe," Odongo akasema bila kusogeza midomo.

Nikajiona mimi ndani ya lile shimo, na Khadija juu anawasha jiko akicheka, hajui. Sijui nilipitaje magoti ya watu. Nilijikuta chini ya jukwaa, fimbo imeinuliwa.

"Si huo," nikasema. "Huo si wa asubuhi. Nyamaza huko nyuma."

Tarumbeta likakatika. Peace akachungulia penye pazia, midomo yake myekundu.

"Mzee, huo ndio wa kambi," akasema. Alikuwa ameogopa kweli. "Kila askari akizikwa kwetu nausikia huo."

Hapo nikaelewa. Binti amekua akisikia buruji matangani tu. Hakuna asubuhi aliyowahi kuisikia. Mtu pekee Mbale nzima aliyeweza kumpigia wa asubuhi alimwambia haupigiwi wahuni.

Ramlah amekaa na kiberiti mkononi, uso wake umevunjika, ananitazama. Watu wa lile kundi wako pembeni na kalamu zao. Nilitaka kueleza. Nilitaka kusema unaanzia chini, unapanda mara mbili, unakaa juu, unashuka. Nikasema hivyo. Peace akatikisa kichwa, haelewi. Buruji yangu iko ukutani Namakwekwe, na hata ingekuwa mkononi mwangu, meno hayapo.

Kila mlio wa kambi una maneno yake. Askari waliyatunga kabla yetu, yanafundishwa kuruti siku ya kwanza ili asisahau upi ni wa chakula na upi ni wa gwaride. Wa kuzikia pekee hauna, hakuna aliyethubutu. Wa asubuhi unayo, na ni ya kipuuzi, lakini unapanda nao na kushuka nao palepale buruji inapopanda na kushuka.

Nikafungua mdomo.

*Amka, amka, jua halina mke.*
*Wewe unaye, mwache, toka nje.*

Sauti yangu ni ya mlango wa choo. Mate yalinitoka kupitia pengo, nikayaona yakiruka kwenye mwanga wa taa. Nikarudia. Mara ya pili sikuwa peke yangu. Odongo alikuwa ameshaingia, na nyuma yake mistari miwili, wazee wote, kofia bado mikononi, wanaimba maneno ya kuruti kwa sauti za vifua vibovu. Mara ya tatu Peace alikuwa ameukamata. Tarumbeta likapanda mara mbili, likakaa juu, likashuka. Sahihi kabisa. Kama mimi mwaka ule. Karibu kama mimi.

Ramlah akawasha kiberiti. Kilizima. Akawasha cha pili. Kisha akaendelea na wimbo wake kutoka pale ulipokatika, nami nikabaki nimesimama chini yake, sina kiti.

Sitaandika makofi. Makofi ni kelele.

27 Mei. Mbale. Mawingu, hakuna mvua.

Ramlah amekuja leo asubuhi, ameketi chini. Safari hii bila chai.

"Wamenichukua," akasema. "Mimi na Peace. Lakini dau ni dau. Uliondoka kitini, Babu, wimbo ukiwa unaendelea. Watu mia mbili wameona." Akanyoosha mkono. "Nipe fomu."

Niliivuta kutoka chini ya godoro. Ina alama ya ukungu pembeni. Akaipokea, akaanza kutafuta kalamu. Hakuwa akilia. Laiti angelia ningemkemea, ingekuwa rahisi.

Nikamtazama anavyoandika jina lake. Ramlah, kwa herufi kubwa, kama nilivyomfundisha mimi, kama kitabu cha zamu.

"Weka kalamu chini," nikasema. "Hujui kanuni."

"Kanuni gani?"

"Askari akisikia mlio usio sahihi, anaondoka alipo, anakwenda kuripoti. Hajaacha lindo. Yuko kazini. Hiyo iko kwenye maandishi."

"Kwenye maandishi gani?"

"Haya."

Nikampokonya fomu, nikaigeuza, nikaandika nyuma yake, kwa kuwa karatasi nyingine sikuwa nayo. Naiweka hapa kama nilivyoiandika:

*Mimi Sajini Asadu 4417 mlezi wa Ramlah nimemruhusu aende Jinja kwenye kundi la nyimbo. Tarehe 25 niliondoka kitini kwa sababu za kikazi. Michezo hiyo bado naichukia. Nyusi zisiwekwe kwenye vikombe vya watu. Vifungo vya askari ni upande wa kulia. Mlio wa asubuhi usikosewe tena.*

Alisoma mara mbili. Akaniuliza kama anaweza kuinakili bila ile ya nyusi. Nikakataa.

Douglas amepiga simu mchana. Nikamwambia binti ana kazi nyingine ya serikali. Amri za asubuhi.

29 Mei. Amekwenda. Chumba kinanuka gundi. Wigi amelisahau msumarini. Nimelitupa, mvua ya mwisho imelichukua kwenye mfereji. Nambozo anadhani ni paka.

30 Mei. Hali shwari.

2 Juni. Jua, barabara imekauka.

Niliamka kabla ya saa kumi na mbili. Si kwa sababu yoyote. Nikaketi mkekani, jiko mbele, makaa yapo, simu juu ya msala. Alisema wangefika jana Iganga, walale huko. Jana hakupiga.

Saa kumi na mbili na dakika mbili simu ikalia. Badala ya kusalimia kama mtu aliyelelewa, akaimba. Kuhusu jua lisilo na mke. Nyuma yake tarumbeta, na watu wengine wanacheka, asubuhi ile, kwenye nyumba za wenyewe.

Nikamwambia aache upuuzi, anaamsha majirani, na amechelewa dakika mbili. Nikakata.

Nikawasha jiko.